Neno Moja, Maana Ngapi?



Ukimwuliza mzee aliyesoma zamani kwamba sayari zinazolizunguka Jua ni ngapi, atakujibu bila kusita, "Tisa." Ukimwuliza mtoto wa darasa la chini leo, atakujibu vile vile bila kusita, "Nane." Kila mmoja aweza kukuonyesha kitabu chake, na vitabu vyote viwili viliandikwa na watu wenye elimu. Hapo ndipo ubishi huanza. Wengine husema, "Sayansi ni kigeugeu. Leo yasema hivi, kesho yasema vile. Tuiaminije?" Na wengine huenda upande wa pili kabisa: hukariri maneno ya kitabu kimoja kama yalivyo, na wakikutana na kitabu kingine chenye maneno tofauti, hukiita cha uongo.

Mimi naona kwamba pande zote mbili hazikulitazama jambo lenyewe. Katika sayansi kila neno kubwa lina fasili yake, yaani maelezo mafupi yanayoweka mpaka: hiki kimo ndani ya neno, na kile kiko nje. Mipaka hiyo imewekwa na watu, nao waweza kuihamisha wakipata sababu. Kuhama kwa mpaka si ubaya, ikiwa umehamishwa mchana na watu wote wakaambiwa. Ubaya ni neno moja kuwa na mipaka miwili kwa wakati mmoja, na mwenye kusema asitaje anafuata upi. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyaonyesha, kwa mifano ambayo sisi sote twakutana nayo darasani, sokoni na nyumbani.

1. MITA NA KILO

Tuanze na mfano mwepesi. Mita ni nini? Mwaka wa 1791 mabingwa wa Ufaransa walikubaliana kwamba mita iwe sehemu moja katika sehemu milioni kumi za umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Basi watu wawili, Delambre na Méchain, walipewa kazi ya kupima sehemu ya njia hiyo, kutoka Dunkerque mpaka Barcelona. Walianza mwaka wa 1792, wakamaliza mwaka wa 1798. Mwaka wa 1799 ikatengenezwa fimbo ya madini ya platini kuwa ndiyo mita yenyewe, ikawekwa mjini Paris.

Baadaye ilionekana kwamba fimbo ile ni fupi kuliko ilivyokusudiwa, kwa kadiri ya sehemu mbili za kumi za milimita moja. Je, wakaitupa? Hapana. Dunia nzima ilikuwa imekwisha kuizoea, basi wakaibadili fasili: mita haikuwa tena sehemu ya Dunia, ikawa urefu wa fimbo. Mwaka wa 1889 fimbo mpya ya platini na iridi iliwekwa badala ya ile ya kwanza. Mwaka wa 1960 fimbo nayo iliachwa, mita ikafasiliwa kwa mawimbi ya mwanga wa gesi iitwayo kriptoni. Tena mwaka wa 1983 ikafasiliwa kuwa ni urefu wa njia ambayo mwanga huipita mahali pasipo kitu chochote, kwa muda wa sehemu moja katika sehemu 299,792,458 za sekunde.

Habari ya kilo ni kama hiyo. Tangu mwaka wa 1889 kilo ilikuwa ni kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa kabatini huko Sèvres, karibu na Paris. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafu, na tangu siku hiyo kilo hufasiliwa kwa hesabu ya kimaumbile iitwayo namba isiyobadilika ya Planck, ambayo haiwezi kuibwa, kuchakaa, wala kushika vumbi.

Sasa angalia. Je, siku ya tarehe 20 Mei 2019 kuna mama yeyote aliyepata unga pungufu dukani? Kuna fundi aliyeona mlango wake haumo tena katika fremu? Hakuna. Mabingwa waliichagua fasili mpya kwa makusudi ili kilo ibaki kilo, kama vile fundi anavyoitoa nguzo iliyoliwa na mchwa, akaweka nyingine ya mti mgumu, na paa likabaki pale pale. Mabadiliko ya namna hii ni ya msingi tu. Mtu wa kawaida hana haja hata ya kuyajua, walakini mwanafunzi ayajue, asije akaandika katika mtihani kwamba kilo ni kile kipande cha Sèvres.

2. ASIDI

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, maana hapa neno lenyewe limepanuka.

Hapo kale asidi ilikuwa ni kitu kikali mdomoni, kama siki, ndimu au ukwaju. Ulimi ndio uliokuwa mpimaji. Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyeishi katika karne ya 18, alidhani amepata sababu ya ukali huo. Aliona kwamba vitu vingi vikiungua katika gesi fulani, kisha vikatiwa majini, hutoa asidi. Kwa hiyo akaipa gesi hiyo jina la oksijeni, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kizaa ukali". Lakini mwaka wa 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba klorini ni elementi, wala haina oksijeni ndani yake. Basi asidi ya hidrokloriki, ambayo ni kali mno, ina hidrojeni na klorini tu. Fasili ya Lavoisier ikaanguka. Walakini jina la oksijeni halikuanguka. Hata leo twalitaja kila siku, na ndani yake limebeba dhana ambayo imekwisha kukataliwa kwa miaka zaidi ya 200. Hili ni fundisho la kwanza: usijifunze tabia ya kitu kutokana na jina lake.

Katika miaka ya 1880 Msweden Svante Arrhenius alifundisha kwamba asidi ni kitu ambacho kikiyeyuka majini hutoa ayoni za hidrojeni, na besi ni kile kinachotoa ayoni za hidroksidi. Fasili hii ndiyo tunayofundishwa kwanza, nayo yatosha kwa kazi nyingi. Lakini amonia haina hidroksidi ndani yake, na hata hivyo ni besi. Tena, tufanyeje mahali pasipo maji? Mwaka wa 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walisema: asidi ni kinachotoa protoni, besi ni kinachopokea protoni. Mwaka huo huo Lewis wa Marekani alipanua zaidi: asidi ni kinachopokea jozi ya elektroni. Kwa fasili ya Lewis, boroni trifloridi ni asidi, ingawa haina hidrojeni hata chembe moja.

Mwanafunzi atauliza, "Sasa nani amesema kweli?" Swali hili halina jibu, kwa sababu limeulizwa vibaya. Ndimu haikubadilika kati ya mwaka wa 1880 na mwaka wa 1923. Kilichobadilika ni ukubwa wa wavu. Mvuvi mwenye wavu wa dagaa na mvuvi mwenye jarife la papa hawabishani nani ana wavu wa kweli, bali kila mmoja huchagua kwa kadiri ya kazi iliyo mbele yake. Ukiulizwa, "Je, maji ni asidi?" jibu lililo sawa ni hili: "Kwa fasili ya Brønsted na Lowry, maji yakikutana na amonia hutoa protoni, basi hapo ni asidi. Yakikutana na kloridi ya hidrojeni hupokea protoni, basi hapo ni besi." Mwenye kujibu "Ndiyo" au "Siyo" tu, bila kutaja fasili, hakujibu kitu.

3. SAYARI

Sasa turudi kwenye ubishi wa mzee na mtoto.

Neno sayari tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kwenda au kusafiri. Hata leo ukishuka Maskati ukauliza sayyara, utaonyeshwa motokaa. Wagiriki nao waliziita nyota hizo kwa jina lenye maana ya watembezi. Watu wa kale waliona kwamba nyota karibu zote hukaa katika mpangilio mmoja, lakini ziko saba zinazohamahama: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa fasili yao Jua lilikuwa sayari, na Dunia haikuwa sayari. Baada ya Copernicus kutoa kitabu chake mwaka wa 1543, fasili iligeuka polepole: sayari ikawa ni kitu kinachozunguka Jua. Jua likatolewa katika hesabu, Mwezi ukatolewa, na Dunia ikaingizwa. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko ya Pluto mara nyingi, wala leo hakuna anayeyalilia.

Tarehe 1 Januari 1801 Mtaliano Piazzi aliona kitu kidogo kati ya Mirihi na Mshtarii, kikaitwa Ceres, kikahesabiwa kuwa sayari. Kisha vikaonekana vingine mahali pale pale: Pallas mwaka wa 1802, Juno mwaka wa 1804, Vesta mwaka wa 1807, na baadaye vingi zaidi. Ilipokuwa dhahiri kwamba ni kundi kubwa la vitu vidogo, Ceres na wenzake waliondolewa katika orodha ya sayari, wakaitwa asteroidi.

Habari ya Pluto ni hiyo hiyo kurudi tena. Iligunduliwa mwaka wa 1930 na kijana wa Marekani, Clyde Tombaugh, ikawa sayari ya tisa. Lakini tangu miaka ya 1990 vimeonekana vitu vingi katika eneo lile la mbali, na mwaka wa 2005 ikatangazwa habari ya Eris, ambayo ni karibu sawa na Pluto kwa ukubwa. Ikawa lazima kuchagua: ama Eris iwe sayari ya kumi, na nyingine nyingi zifuate, ama Pluto itoke. Tarehe 24 Agosti 2006 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki waliokutana mjini Prague walipiga kura, wakaweka masharti matatu: sayari ilizunguke Jua, iwe na mvuto wa kutosha kujifinyanga kuwa mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani isiwe ni kimoja tu kati ya vingi vya kadiri yake katika njia ile. Pluto ilitimiza mawili, ikashindwa la tatu. Ikaitwa sayari kibete pamoja na Eris, na Ceres nayo ikatolewa katika asteroidi za kawaida ikapewa jina hilo hilo.

Wako wataalamu wasioipenda fasili hii mpaka leo, na hoja zao si za kipuuzi. Husema kwamba yafaa kitu kiitwe kwa hali yake chenyewe, si kwa majirani zake. Tena fasili ya Prague yataja Jua letu tu, na wanafalaki wamekwisha kuona maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine. Huenda basi mpaka utahamishwa tena.

Lakini jambo la kushika ni hili. Chombo cha Marekani kiitwacho New Horizons kilirushwa mwezi wa Januari 2006, wakati Pluto ilipokuwa ingali sayari. Kilipofika karibu yake tarehe 14 Julai 2015, Pluto ilikuwa sayari kibete. Safari haikuongezeka hata maili moja wala kupungua. Kikaona milima ya barafu na uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda, vitu ambavyo vilikuwako kabla mtu yeyote hajapiga kura. Kwa hiyo mzee asemaye tisa na mtoto asemaye nane hawabishani juu ya mbingu, bali juu ya mpaka wa neno. Mzee akisema, "Kwa hesabu ya kabla ya mwaka wa 2006, tisa," na mtoto akisema, "Kwa fasili ya mwaka wa 2006, nane," ubishi umekwisha, na wote wawili wamesema kweli.

4. UZITO

Mpaka hapa tumesema habari za fasili zinazofuatana, moja baada ya nyingine. Sasa tuje kwenye yale ya hatari: maana mbili katika neno moja kwa wakati mmoja.

Sokoni twasema, "Uzito wa gunia hili ni kilo 60." Darasani mwalimu wa fizikia asema, "Uzito ni nguvu, hupimwa kwa nyutoni." Nani amekosa? Neno uzito kwa Kiswahili cha kila siku limebeba vitu viwili. Kwanza ni wingi wa maada iliyomo katika kitu. Pili ni nguvu ambayo Dunia hukivuta nayo kitu hicho. Hii si shida ya Kiswahili peke yake. Mwaka wa 1901 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliokutana Paris ulitoa tamko kwa ajili ya neno hilo hilo, kwa sababu lilikuwa likitumiwa mara kwa maana hii, mara kwa maana ile. Ukaamua kwamba kilogramu ni kipimo cha wingi wa maada, na kwamba neno uzito lishike maana ya nguvu. Nao wataalamu wa Kiswahili walitoa neno tungamo kwa maana ya kwanza, uzito ukaachiwa ya pili. Lakini sokoni, na hata katika vitabu vingine, uzito bado wabeba mizigo yote miwili.

Tufanye hesabu. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 huvutwa na Dunia kwa nguvu ya nyutoni 588 hivi. Akienda Mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya mvuto wetu, atavutwa kwa nyutoni 97 hivi. Tungamo lake halikupungua, bado ni kilo 60, walakini uzito wake umepungua sana. Akipanda mizani ya mawe, yenye vitanga viwili, itamwonyesha kilo 60 hapa na huko, maana mawe nayo yamekuwa mepesi sawasawa naye. Akining'inia katika mizani ya springi iliyotengenezwa Duniani, huko Mwezini itaonyesha kilo 10 tu.

Msiseme, "Sisi hatuendi Mwezini." Mvuto haulingani hata hapa Duniani: kwenye ncha ni mkubwa kidogo, kwenye Ikweta ni mdogo kidogo, na nchi ya juu hupunguza tena. Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa sawasawa London, uilete Kampala bila kuigusa, kisha utundike gunia la kahawa lenye tungamo la kilo 100 kamili. Itaonyesha pungufu kwa gramu zaidi ya 300. Mizani haikuharibika, wala karani hakuiba. Mizani ya springi hupima nguvu, lakini uso wake umeandikwa kilo. Mara moja si kitu, lakini kwa magunia 1,000 mkulima angepoteza zaidi ya kilo 300 za kahawa, kwa sababu tu neno moja limesimama mahali pa mawili. Ndiyo sababu mizani za biashara hujaribiwa mahali zinapotumiwa, kwa mawe yaliyopigwa muhuri wa serikali. Kaka zetu walio makarani katika vyama vya ushirika wayajua haya kuliko mimi.

5. HOMA

Nimeuweka mfano huu mwisho kwa sababu hapa gharama yake si kahawa, ni roho za watu.

Homa ni nini? Mama akimgusa mtoto paji la uso akaona lina moto, husema, "Ana homa." Hapo homa ni dalili, yaani joto la mwili. Lakini katika sehemu nyingi mtu akisema, "Nimelala wiki nzima kwa homa," hukusudia malaria, na hapo homa ni ugonjwa. Kenya, wengi wakisema, "Nina homa," hukusudia mafua. Tena tuna homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya dengi, homa ya bonde la ufa. Hayo ni magonjwa mbalimbali kabisa. Mengine huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, mengine na virusi, na dawa ya moja haifai kwa jingine. Tuna hata homa ya ini, ambayo mtu aweza kukaa nayo miaka mingi asiwe na joto la mwili hata kidogo.

Jina la malaria nalo ni kama la oksijeni: ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa kuwa zamani watu walidhani ugonjwa huu hutoka katika hewa ya mabwawa. Mwaka wa 1880 daktari Mfaransa Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea katika damu ya wagonjwa. Mwaka wa 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta vimelea hivyo ndani ya mbu. Hewa ikaachiliwa huru, lakini jina likabaki.

Sasa fikiri. Mtoto ana joto. Jirani asema, "Ni homa." Baba asikia "malaria", aenda dukani, anunua vidonge vya malaria, ampa mtoto. Kama kweli ni malaria, vizuri. Lakini kama ni homa ya mapafu, siku mbili au tatu zimepotea, na ugonjwa huu ni mmoja wa wale wanaoua watoto wadogo wengi kuliko wote duniani. Baba hakuwa mzembe. Alikimbia kuleta dawa, wala hakukosa fedha. Alichokosa ni mpaka kati ya dalili na ugonjwa, kwa kuwa lugha imevipa vyote viwili jina moja.

Hata waganga wenyewe zamani walifuata njia hiyo: katika nchi zenye malaria nyingi, mtoto mdogo mwenye joto alitibiwa malaria bila kupimwa. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri jipya, kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa. Siku hizi kiko kipimo cha haraka, tone moja tu la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa muda wa nusu saa au chini yake. Basi kipimo hicho ndicho kinachofanya kazi ya fasili: chatenganisha homa na homa.

6. TUFANYEJE?

Haiwezekani kuyaondoa maneno yenye maana mbili. Lugha ni ya watu wote, nao hawataacha kusema uzito wa gunia wala homa ya mtoto kwa ajili yetu sisi wanafunzi. Lakini sisi twaweza kushika mambo manne.

Kwanza, kabla ya kujibu swali au kuingia katika ubishi, uliza: neno hili latumika kwa fasili ya nani, na ya mwaka gani? Mara nyingi ubishi utakufa hapo hapo.

Pili, tenga kitu na jina lake. Majina hubaki nyuma wakati maarifa yanapokwenda mbele, kama tulivyoona katika oksijeni na malaria.

Tatu, ukiandika, weka fasili yako mwanzoni, kisha uishike mpaka mwisho. Mwandishi aanzaye na uzito wa kilo akamaliza na uzito wa nyutoni atampoteza msomaji, na mtahini naye ni msomaji.

Nne, uhamishapo maarifa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, usitafute neno moja kwa neno moja. Tafuta kwanza maana, ndipo utafute neno. Na kama maana ni mbili, na neno ni moja, eleza kwa maneno mengi. Afadhali sentensi ndefu iliyo wazi kuliko neno fupi lililo gizani.

Kaka zetu mliotutangulia, wengine wenu ni walimu, wengine ni waganga wa zahanati, wengine hununua mazao. Kwenu maneno haya si ya mtihani tena. Mgonjwa akija na kusema, "Bwana mganga, nina homa," yafaa aulizwe, "Homa ipi? Mwili una joto? Tangu lini? Umepimwa?" Maswali hayo manne hayahitaji chombo chochote cha maabara.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Ndugu yako asema kwamba sayansi ni ya uongo kwa kuwa Pluto ilikuwa sayari, na sasa si sayari. Mjibu kwa sentensi tatu.

2. Gunia lenye tungamo la kilo 90 limepelekwa Mwezini. Mizani ya mawe itaonyesha kilo ngapi? Mizani ya springi iliyotengenezwa Duniani itaonyesha kilo ngapi? Kwa nini?

3. Eleza jinsi maji yanavyoweza kuitwa asidi na besi pia, na utaje fasili unayoifuata.

4. Andika maneno matatu ya Kiswahili yenye maana moja nyumbani na maana nyingine katika sayansi. Anza na neno dawa, ukikumbuka kwamba iko dawa ya kunywa, dawa ya mbu, na dawa ya viatu.